Niliita Karatu kwenye Redio Iliyokufa

Nimekosa. Naanza hivyo ili usije ukadhani huko mbele kuna kisingizio. Nimekitafuta kwa miaka mingi na sijakipata.

Naomba jina langu lisiandikwe. Nina duka hapa Karatu, nina watoto wanaosoma, na majirani wananiona mtu wa maana. Kanisani nimekwisha kuungama, padri akanipa malipizi, nikayatimiza. Lakini niliyemdanganya hakuwa padri.

Miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijatufikia, nilikuwa kijana niliyetoka Rombo kutafuta maisha. Kampuni moja ya utalii ikanipa kazi ya kulinda kambi yake huko juu, mbele ya Nainokanoka, ndani kabisa ya hifadhi. Kiangazi kulikuwa na wageni, wapishi na madereva, kelele tele. Masika ikiingia wote wanashuka, nabaki mimi na mahema yaliyokunjwa na ukungu. Ile baridi usiombe.

Kambini kulikuwa na redio ya upepo. Ilikula umeme wa betri ya gari, na betri ilijazwa na sola iliyokaa juu ya bati. Bosi alinipa sharti moja la maana: masika jua ni la kuvizia, kwa hiyo betri ni ya redio tu, si ya taa wala muziki. Hakusema hivyo kwa ajili ya kampuni peke yake. Maboma ya jirani yalitutegemea sisi. Mtu akizidiwa wanakuja kwangu, naita ofisi ya kampuni Karatu, gari linapanda. Walinzi wa hifadhi nao walikuwa na redio kwenye kituo chao, ila kukifikia ni kutembea kutoka asubuhi mpaka jua liwe kichwani.

Sasa gemu. Dereva wetu mmoja aliinunua Arusha kwenye mitumba, gemu kuukuu ya kuchomeka kwenye runinga, plastiki yake nyeupe imeshageuka njano kama meno ya mvuta sigara. Ilikuja na kaseti moja tu yenye maandishi ya Kijapani. Alipoichoka akaniachia, pamoja na kiruninga kidogo kisicho na rangi. Fundi redio wa Karatu akaniungia waya ili vyote vile umeme wa betri.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli, ingawa jina hilo nililijua baadaye sana. Mmoja anarusha mpira, mwingine kashika gongo anaungoja. Akiupiga anatimua mbio kuzunguka uwanja, akigusa pembe moja baada ya nyingine mpaka arudi alikoanzia. Mwanzoni nilidhani ni rede ya watu wazima. Kanuni sikuzijua, nikazitunga zangu.

Niliyecheza naye aliitwa Lemayian. Boma lake lilikuwa bonde la pili kutoka kambini, na alikuwa rafiki yangu wa kweli, sisemi kwa sababu ya haya yaliyotokea. Aliniletea maziwa bila kuombwa, akanifundisha kusikia nyati kabla sijamwona. Kwenye gemu alikuwa fundi wa kupiga. Anatulia kimya, anauacha mpira uje, halafu anabonyeza mara moja tu. Mpira unavuka ukuta.

"Hii mutu yangu ameenda wapi sasa?" anauliza, akikitazama kijitu chake kinavyozunguka.

"Anarudi nyumbani."

"Basi arudi polepole. Nani anamfukuza?"

Mkewe Nasieku alipokuja na kibuyu cha maziwa alisimama mlangoni akitucheka. Alikuwa na mimba kubwa, ya pili, baada ya binti yao aliyekuwa ameshafika umri wa kuchunga ndama. Alisema hajawahi kuona wanaume wazima wanapigana na kioo, na kioo kinashinda. Nakikumbuka kicheko chake kuliko hata sura yake, na hilo linaniumiza.

Tulikuwa tunacheza kidogo tu, siku ambazo jua limetoka. Lemayian mwenyewe ndiye aliyekuwa ananiambia, "Zima, redio isilale njaa." Nataka mjue hivyo, asije mtu akasema tulikosa wawili. Nilikosa peke yangu.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umekaa juma zima, sola haikupata kitu. Lemayian alipita mchana, akakataa kucheza, akaenda kwenye ng'ombe wake. Mimi nikawasha. Kulikuwa na timu moja kwenye ile kaseti ambayo sikuwahi kuifunga, na upweke wa kule ulikuwa umenipanda kichwani. Nikajiambia mzunguko mmoja. Nikafungwa. Nikasema mmoja tena. Picha ikaanza kunywea pembeni, nikajua betri inakwisha, nami nikaendelea kubonyeza! Mpaka kiruninga kikazima chenyewe.

Nilijaribu redio. Taa yake ikawaka kidogo, ikafa.

Sikuogopa sana. Nikasema kesho jua litatoka, betri itashika, bosi hatajua. Nikala ugali wangu nikalala.

Asubuhi Lemayian alikuja anakimbia. Nasieku alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jioni, na mtoto hashuki. Mama yake Lemayian, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa maboma yale, hakubahatisha. Alimwambia mwanawe, "Hili si la mikono yangu. Nenda kwa redio sasa hivi."

Alikuja kwa redio, basi. Akanikuta.

Jamani, ningesema neno moja tu. Ningesema, "Betri imekwisha, kimbieni kituoni." Pale pale vijana wangeondoka, na mchana gari lingekuwa njiani. Ningetukanwa, ningefukuzwa kazi, basi, ningerudi Rombo nikalime migomba. Hayo ndiyo yaliyokuwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili alikuwa Nasieku.

Nikasema, "Hewa ni mbaya, Lemayian. Mawimbi hayapiti kwenye ukungu huu. Ngojeni kidogo, itafunguka."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mambo ya redio niliyajua mimi.

Niliyasema hayo huku nikichungulia bati, naomba jua. Niliamini kabisa kwamba wingu likipasuka kidogo tu betri itapata nguvu, nitaita, na uongo wangu utageuka kuwa kweli. Nadhani waongo wengi ndivyo tulivyo. Tunakopa muda tukitumaini mambo yatatengemaa wenyewe.

Lemayian alimtuma kijana aliyekuja naye akawaambie nyumbani wangoje. Yeye akabaki amesimama dirishani, ananitazama. Nifanye nini? Nikashika kile cha kuongelea, nikakibonyeza, nikaita. "Karatu, Karatu, mnanipata? Karatu, hapa kambini, kuna mgonjwa, mnanipata?" Nikaachia, nikasikiliza. Nikaita tena. Redio ilikuwa imekufa, ndugu yangu. Haikutoa hata mkwaruzo. Nikawa nakwaruza mwenyewe kwa mguu kwenye mbao za sakafu ili asisikie kile kimya. Niliita mpaka sauti ikakauka, na machozi yalinitoka kweli. Alipoyaona aliingia akaniwekea mkono begani.

"Pole," aliniambia. Yeye aliniambia mimi pole!

Jua halikutoka. Ilipokaribia saa sita mama yake alikuja mwenyewe, kwa miguu, akanitazama mimi, akaitazama redio. Akazungumza na mwanawe kwa Kimaa maneno machache. Vijana wakakimbia kwenda kituoni, na wanaume wengine wakambeba Nasieku kwenye ngozi ya ng'ombe waliyoifunga kwenye miti miwili, wakutane na gari njiani. Nami nilibeba. Ukungu ulikuwa mzito hata huoni anayetangulia, na matope yalitufika kwenye mashavu ya miguu. Mwanzoni alikuwa analia, baadaye akawa anauliza kama tumefika. Gari la walinzi lilitupata jioni. Walijitahidi sana wale watu. Nasieku alikata roho njiani kabla ya kufika lango la kushukia Karatu, na mtoto akiwa bado tumboni mwake.

Bosi hakujua kitu. Jua lilipotoka, betri ilijaa yenyewe. Ile gemu niliipiga mawe mpaka ikawa vipande, kana kwamba ndiyo iliyosema ngojeni.

Nilitaka kuacha kazi niondoke. Kabla sijaondoka Lemayian akaja kambini akiswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe shavuni. Akasema anaufanya urafiki wetu kuwa undugu, kwa sababu siku ile aliniona nilivyoita. Wakwe zake walikuwa wamemjia juu, kwa nini alingoja asubuhi nzima, na yeye aliwajibu, "Mtu wa redio aliita mpaka sauti ikamkauka. Hewa ndiyo iliyokataa." Alinitetea mbele ya baba yake Nasieku. Na kwa desturi yao, watu wakipeana mtamba hawaitani tena majina. Wanaitana Paashe, yeye Paashe na mimi Paashe, mpaka kufa.

Ningemkataa. Kukataa mtamba ni tusi, na kueleza kwa nini namkataa kulikuwa ni kusema kweli. Nikampokea. Nikamtemea baraka kama alivyonielekeza, na mate yenyewe yalikuwa machungu mdomoni.

Nilishuka Karatu, nikafungua duka, nikaoa. Mtamba alibaki bomani, Lemayian akimlea, akazaa, na uzao wake nao ukazaa. Kila siku ya mnada Lemayian alipita dukani. Haji mbele kama wateja, anazunguka uani, anakunywa chai na mke wangu, ananihesabia ng'ombe wangu kwa rangi zao. "Paashe, yule mweusi amezaa. Paashe, mvua imekuwa nzuri." Kila alipolitamka lile neno nilihisi ile mbao ya sakafu chini ya mguu wangu. Wanangu wanamwita baba mkubwa.

Ningeendelea hivyo mpaka kaburini, sikudanganyi. Lakini mwaka huu alikuja siku isiyo ya mnada. Yule binti yake wa kuchunga ndama ameolewa, na sasa ni mjamzito. Lemayian akasema hataki ajifungulie kule juu. Anataka akae nyumbani kwangu, karibu na hospitali, mpaka apate mtoto.

"Nina ndugu wengi," alisema. "Kwa jambo hili nakuamini wewe tu."

Hapo nilishindwa. Nilimpeleka stoo, nyuma ya magunia ya maharage, nikamweleza yote. Gemu, betri, jua, na jinsi nilivyoita hewani. Sikulia, nilijikataza, kwa sababu machozi yangu alikwisha kuyaona mara moja na yalikuwa sehemu ya uongo.

Aliweka fimbo yake chini, akakaa juu ya gunia. Kisha akauliza, "Uliposema tungoje, ulijua haifanyi kazi?"

"Nilijua."

"Mama yangu alisema siku ile, pale pale, kwamba hiyo redio haina roho. Mimi nikamkemea. Mpaka anakufa sikumwomba msamaha."

Hili nilikuwa silijui. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akasimama, akajitengeneza shuka, akachukua fimbo yake. Nilidhani anaondoka. Badala yake alizunguka akaenda mbele ya duka, upande wa wateja, akasimama nje ya wavu. Nikamfuata kwa ndani.

"Nipimie sukari kilo moja, Mangi," alisema.

Mangi ni jina ambalo mpita njia yeyote humwita Mchaga yeyote mwenye duka. Katika miaka yote ile hajawahi kuniita hivyo. Nikampimia. Akalipa, akangoja chenji yake, akaenda.

Hajarudi. Ng'ombe wangu bado wako bomani kwake, hajawarudisha, nami sina uso wa kuwaulizia. Nimesikia kwa watu kwamba binti alijifungua salama, alikaa kwa watu wengine huko Rhotia. Mke wangu ananiuliza tumemkosea nini baba mkubwa, na sasa natakiwa kumwambia na yeye.

Wewe unayesoma, labda umeshika kitu ambacho wengine wanakitegemea. Funguo za zahanati, gari la kijiji, dawa za watu, simu ya pekee mtaani. Siku moja utateleza, maana wewe ni mtu. Kwa starehe, kwa usingizi, kwa upweke, sijui. Kuteleza kwenyewe watu wanaweza kukusamehe, hata Lemayian nadhani angenisamehe ile betri asubuhi ile ile. Sema. Sema ukiwa bado unatetemeka, na aibu ikupate yote. Sema kabla watu hawajakaa chini kukungoja.