Mama Hodi mbele ya chumba namba saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anasimama mbele ya mlango wa bluu ulioandikwa namba saba na kusema, "Hodi."

Anasubiri. Ndani kitanda kinalia kidogo. Anarudia mara ya pili, na ya tatu. Hajibiwi. Kiunoni mwake linaning'inia shada la funguo kumi na nne, na mmoja ni wa mlango huu huu. Haugusi.

Wapangaji wanamwita Mama Hodi. Ni msimamizi wa nyumba ya vyumba kumi na vinne vinavyotazamana, ua ukiwa katikati. Kazi yake ni kuhakikisha watu wanafuata mkataba: zamu za kufagia, taka kutolewa, redio kupunguzwa saa nne usiku, kodi kulipwa kabla ya tarehe tano. Analipwa kwa kukaa bure chumba namba moja, na juu yake anapewa fedha ambazo hazitoshi kodi ya vyumba viwili. Kwa miaka tisa hajamtoa mpangaji nje, wala hajaingia kwa mtu bila kuambiwa karibu.

Asubuhi hii sifa hiyo inamtokea puani.

Ua mzima unanuka petroli. Mpangaji wa namba saba, dereva wa pikipiki anayejulikana kama Kona, ananunua petroli kwa jumla na kuwauzia wenzake vituo vikifungwa. Mkataba unakataza hilo katika kipengele cha tisa, tena kwa herufi kubwa. Upande wa pili wa ukuta wake anaishi mshonaji mwenye mimba ya miezi minane, ambaye hupikia jiko la mkaa hatua tatu tu kutoka mlango huu.

"Huyu ananijua," Mama Hodi anasema kwa sauti ya chini. "Anajua nisipokaribishwa siingii. Siku ya tatu leo amejificha nyuma ya adabu yangu."

Jana jioni mwenye nyumba, aliyekwisha kupata habari za petroli, alipiga simu. Atafika saa sita mchana na fundi na kufuli. Akikuta petroli, namba saba inafungwa vitu vikiwa ndani, na namba moja inafungwa pia, kwa sababu msimamizi asiyesimamia ni mzigo. Namba moja ndimo Mama Hodi anamoishi na mama yake mzazi, ajuza aliyepooza upande wa kulia.

Kwa nini basi asitumie ufunguo yakaisha? Anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kabla ya kujibu.

Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa mpangaji mahali pengine. Siku moja, akimwogesha mama yake kwenye beseni, alisikia ufunguo ukizunguka. Mlango ukafunguka, akaingia mwenye nyumba wa wakati huo.

"Mama hakuwa na nguo. Yule bwana alisimama pale pale, akaanza kunieleza habari za kodi. Tulikuwa tumechelewa siku sita. Mama aligeuza uso ukutani. Mpaka leo akisikia ufunguo mlangoni, anageuka."

Mshonaji wa namba sita hana subira ya kusikiliza hayo. Anatoka mkono mmoja kiunoni.

"Mama, adabu yako itatuchoma moto. Mimi nikikimbia tunakimbia wawili, na mmoja hata miguu hajaijua."

Mama Hodi habishi. Anaingia chumbani kwake, anarudi na jiko ambalo juu yake uji wa mama yake umeanza kuchemka, anateremsha sufuria na kumwaga maji juu ya mkaa. Kisha anapita mlango kwa mlango, kila mmoja kwa hodi, na ujumbe mmoja: hakuna atakayewasha moto mpaka namba saba afungue.

"Sisi tumekosa nini?" fundi viatu wa namba tatu anauliza.

"Hamjakosa, baba. Ila moto hauna msalie mtume."

Kufika saa mbili, watu kumi na tisa wamekaa uani juu ya vigoda na ndoo, wote wameuelekea mlango wa bluu. Hakuna chai wala uji. Hakuna anayetukana, kwa sababu Mama Hodi amekataza. Fundi viatu pekee ananong'ona kwamba Kona amewashindisha njaa na pengine yeye mwenyewe ndani anatafuna. Wachache wanacheka, kisha wanakumbuka harufu na kunyamaza.

Saa tatu na nusu, mshonaji anasimama, anashika mgongo, anakaa tena. Mama Hodi anaonekana akigusa shada la funguo, anautenga mmoja na wenzake, anaushika mkononi.

Saa nne kasorobo anasimama. "Hodi, mwanangu. Wenzako hawajala."

Komeo linalia. Uso wa kijana mwenye macho mekundu unachungulia, unawaona majirani wote, unainama.

"Karibu, mama."

Chini ya kitanda mna madumu manne ya lita ishirini. Moja halina kifuniko, limezibwa kwa mfuko wa plastiki.

"Nilidhani umekuja kunitoa," Kona anasema. "Pikipiki yenyewe si yangu, mama. Nilikuwa najitafutia ya kwangu."

"Ningetaka kukutoa, ningepiga hodi ya nini?"

Kona anaita wenzake kwa simu. Pikipiki nane zinasimama ng'ambo ya barabara, injini zimezimwa, na petroli inagawanywa kwenye matangi yao huko huko. Wanaume wanabeba madumu roho mkononi, hatua kwa hatua. Mshonaji anatazama akiwa mwisho wa ua, hataki kusogea. Madirisha yanafunguliwa, sakafu inasuguliwa kwa sabuni mara mbili.

Saa sita kasoro dakika kumi mwenye nyumba anaingia, fundi nyuma yake na kufuli mkononi. Anaelekea moja kwa moja namba saba na kunyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

"Chumba kina mwenyewe, mzee. Yumo ndani. Piga hodi."

"Hii nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako. Chumba amekipanga."

Fundi wa kufuli anatazama viatu vyake. Baadaye Mama Hodi atakiri kwamba alikuwa akihesabu ni nani kati ya majirani angemsaidia kumbeba mama yake. Lakini mkono wake haukuondoka kwenye shada.

Mwenye nyumba anakohoa. "Hodi," anasema, kwa sauti ya mtu asiyezoea neno.

"Karibu, mzee."

Anaingia, anainama chini ya kitanda, ananusa kona zote, anatoka. Kufuli, anamwambia fundi, irudi kwenye mfuko. Kwa leo.

Ua unawasha majiko kwa pamoja. Mama Hodi anamfuata mshonaji na kumwomba radhi mbele ya watu. "Petroli haingoji karibu. Siku tatu nimengoja, na hapo nilikosea. Ungeniambia nini, mwanangu, kama ingewaka?"

Mkataba wa nyumba hii una vipengele kumi na saba, vyote vinamhusu mpangaji. Mama Hodi anataka viongezwe viwili, na amekwisha kuviandika kwenye karatasi ya daftari. Cha kwanza: palipo na hatari, hodi tatu, kisha ufunguo. Cha pili: pasipo na hatari, hakuna anayeingia bila kukaribishwa, hata mwenye nyumba. "Mtu ukimheshimu mlango wake, mkataba wako ataufuata," anasema. Mwenye nyumba ameipokea karatasi na kusema tutaona.

Sasa anarudi namba moja na sufuria ya uji uliopashwa upya. Mlango ni wake na ufunguo anao. Anasimama kizingitini.

"Hodi, mama."

"Karibu," sauti ya ajuza inajibu kutoka ndani. "Na uji uko wapi, tangu asubuhi?"