Mama Alivyolalamika Horini

Mama yangu alianza kulalamika siku tuliyopanda chombo kile, na hakuacha mpaka siku tuliyoshuka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Baba alikuwa amepata ukarani serikalini huko Sur, mji wa pwani ya Arabuni, na nyumba ya kupanga haikupatikana kwa udi wala uvumba. Nahodha mmoja mzee, ambaye zamani akija kwetu Unguja kila msimu na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima, akatupa jahazi lake lililostaafu. Lilikuwa limefungwa horini, pale mkono wa bahari unapoingia nchi kavu, halina tanga wala mlingoti, na juu ya sitaha pamejengwa kibanda cha mbao.

"Kaeni humo mpaka Mungu awape pahala," alituambia. "Lakini chombo kina haki zake."

Haki hizo tulizijua upesi. Kila asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa lazima kufuta ngama, yale maji yanayovuja na kujikusanya tumboni mwa chombo. Mama alishuka chini kuteka, mimi nikapokea ndoo na kumwaga nje. Magodoro yakatolewa juani, maana unyevu wa bahari huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Maji ya kunywa yalifuatwa pwani kwa mashua, madumu kwa madumu. Na wali ulipaswa kuiva kabla maji hayajapwa. Yakishapwa, chombo hukaa kwenye tope na kulala upande, na sufuria nayo ikalala; upande mmoja wali ukawa bokoboko, wa pili ukaungua. Mama alijifunza kutia kabari chini ya jiko na kuisogeza kidogo kidogo, akimtukana aliyebuni bahari. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likija tulipanda pwani kwa siku chache, chombo kikavutwa juu, mianya ya mbao ikazibwa kwa pamba iliyoloweshwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake haikutoka kwenye nywele zetu hata kwa udi.

"Mimi mtoto wa mjini, nimelelewa ghorofani, leo nateka ngama!" Mama alipiga kelele kutoka chini. "Baba watoto, niondoe humu kabla sijaota magamba!"

Wake wa mabaharia, ambao nao walikuwa na Kiswahili chao cha kuungaunga, walikuja na birika la kahawa kumsikiliza. "Zidi, ya ukhti, zidi!" walimchochea, naye akazidi. Panya alikuwa na zamu yake ya kusutwa, na choo cha kuning'inia nyuma ya chombo, na mume aliyemleta. Nahodha alicheka mpaka akafuta machozi. "Wallahi, binti, ulimi wako ungetosha kuwa tanga la chombo hiki," alimwambia.

Baba peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa mtu wa bara, amekulia Tabora kwa watu wasiosema neno ila wana haja nalo. Mtu wa kwao akisema niondoe, anataka kuondolewa. Kwa hiyo alimsikiliza mkewe kwa heshima zote, akawa anaomba uhamisho kimyakimya, mwaka baada ya mwaka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini akaupata. Tukahamia Nizwa, ndani ya nchi, mbali na bahari, karibu na kijiji walikotoka babu zake, kwenye nyumba ya saruji yenye bomba jikoni na feni kila chumba. Baba alitembea mbele akifungua milango, uso umemng'aa. Mama alitazama chumba kimoja kimoja, akasema, "Mashaallah. Mungu akuzidishie." Nilingoja aongeze neno, lakini hakuongeza.

Majirani walikuwa wanawake wema. Walimletea tende na halua, wakamwuliza habari kwa Kiarabu cha huko, naye akajibu kwa kile chake cha chuoni kwa maalim na cha sokoni. Salamu zikaisha, akabaki anatabasamu. Utani wake ulikuwa wa Kiswahili, na ukiufasiri unakufa. Kazi za nyumba zilikuwa zimekwisha jua halijawa kali, halafu alikaa ukumbini mikono mapajani. Sitaficha neno: nyumba ile ilimla mama yangu, na mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Baba aliona kitu kimepungua asijue ni nini. Akaanza kutafuta kasoro yeye mwenyewe. "Bomba halivuji? Feni haipigi kelele?"

"Hamna kasoro, alhamdulillahi," Mama alijibu.

Ijumaa moja Baba alirudi msikitini na habari aliyopewa na mtu wa Sur. Nahodha alikuwa amefariki, na chombo, kwa kukosa mtu wa kufuta ngama, kilijaa maji kikazama horini, watu wakakibomoa wakachukua mbao. Tulipokwisha kumrehemu mzee, Baba alijitahidi kuchangamka.

"Basi lile jahazi lako limekwisha, mama watoto. Halitakusumbua tena."

Mama aliinamisha uso akalia. Alilia kwa sauti, mkono mdomoni, na Baba akasimama na kanzu yake ya Ijumaa asijue aende wapi.

"Lakini ulikuwa ukiniambia kila siku nikuondoe," alisema hatimaye.

"Nilikuwa nikikwambia."

"Kila siku, mama watoto. Nilihangaika miaka yote ile kwa ajili hiyo."

"Najua ulihangaika." Mama alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Anayetaka kuondoka kweli, bwana, husema mara moja tu."

Baba alikaa kitako taratibu. Niliomba moyoni Mama amgombeze, ampasulie maneno kama ya horini, amtukane yeye na ukoo wake wote. Mama akainuka, akamwuliza kama angependa chai yake sasa au baadaye.