Jioni Baba Mkwe Aliponikana

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, jua halijazama, nikiwa mzima na nimeshiba. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtu kugeuka mwingine, cha kwanza huuliza kama msimuliaji alikuwa amekunywa ulanzi. Sinywi. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na kazi yangu hainiruhusu kuona visivyokuwepo. Ukiona mkono pasipo na mkono, umeharibu kitambaa cha mtu.

Baba mkwe wangu ana miaka themanini na ushee. Ni mkulima wa viazi na njegere kijijini, nje kidogo ya Njombe. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kule mnaijua, aliteleza kwenye majani yenye sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, akavunjika nyonga. Akalazwa wodi ya wanaume katika hospitali ambayo sitaitaja, akisubiri kupasuliwa. Mume wangu ni dereva wa lori la mbao na alikuwa safarini. Wifi yangu, binti pekee wa mzee, ameolewa Lupingu, kule ziwani, na safari ya kutoka huko si ya kudharau. Aliyebaki wa kumuuguza ni mimi, mke wa mwanawe. Nilifunika cherehani nikaenda.

Sasa hapa lazima uelewe jambo moja, la sivyo mengine hayatakuingia. Katika ukoo wa mume wangu, mkwe na baba mkwe wana heshima yao. Siketi kitandani kwake. Simtaji jina, naye huniita Mama Upendo, kwa jina la mwanangu. Kwa miaka kumi na sita tumesalimiana mimi nimechuchumaa na yeye anatazama pembeni, na tulipendana hivyo hivyo. Leo mtu huyu hawezi kushuka kitandani, na mwenye kumshikia chupa ya mkojo ni nani? Mimi. Siku ya kwanza nilimsogezea nikageuza uso. Akasema hana haja. Nikamletea chai, akapokea kwa mikono miwili akashukuru. Niliporudi nikakuta kikombe kitupu. Uji, vilevile. Maji, vilevile. Nikajisifu moyoni kwamba mgonjwa wangu ananywa vizuri kuliko wote wodini.

Nilifanya na mengine kwa mapenzi mema. Miwani yake niliiweka kwenye mkoba wangu isije ikaibiwa. Nikaomba asogezwe kona ya mbali na dirisha kwa ajili ya baridi, mahali pasipofika jua na taa yake imeungua. Kwangu mimi hapo palikuwa pazuri.

Siku ya tatu, saa kumi na moja na nusu jioni, muda wa kuona wagonjwa, niliingia na uji. Mzee alikuwa amejiinua kwa viwiko, mtu ambaye asubuhi alilia alipogeuzwa. Vidole vyake vilikuwa vinachambua blanketi polepole, kama anayemenya njegere, na kila alichotoa alikirundika pembeni. Hapakuwa na kitu. Halafu akainua kichwa akasema "Kamwene" kwa adabu kabisa, ile salamu yetu ya huku. Hakunisalimia mimi. Alisalimia nyuma yangu, na nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nikamwita, "Baba." Akanitazama. Niamini, macho yale sikuyajua. Uso ni ule ule, kovu la shavuni lile lile, lakini aliyekuwa anachungulia kutoka ndani hakuwa yeye. Mzee ambaye hakuwahi kunitazama usoni tangu niolewe alinikazia macho bila kupepesa.

"Wewe si Mama Upendo," akasema. "Mama Upendo mmemfungia nje, namsikia anagonga. Umevaa nguo zake, lakini wewe si yeye."

Unajua nilifanya nini? Niliitazama mikono yangu. Sikudanganyi, niliikagua kama ni yangu. Na pale pale nikasikia kitu kinagonga dirishani, upande wa pili wa wodi, na mpaka leo sijui kama lilikuwa tawi au upepo au nini. Nilimwaga uji sakafuni nikatoka mbio mpaka nje ya korido. Huko nikampigia wifi simu nikamwambia aje.

Asubuhi nilimkuta mzee ametulia, ananiuliza kama watoto wameenda shule. Nikafikiri mwenye kuchanganyikiwa ni mimi. Jioni yule mwingine akarudi. Kesho yake wifi alifika akiwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope, akamkuta baba yake anaongea vizuri, akaniangalia kama mtu niliyemtoa Lupingu kwa uongo. Nikamwomba asubiri jua lishuke. Lilipoanza kushuka, mzee akaanza kuchambua blanketi. Alimwita binti yake kwa jina la shangazi aliyekufa zamani, kisha akaninyooshea kidole.

"Huyo ndiye anayeninywesha maji ya kaburini," akasema.

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijifunga kanga kiunoni akatoka nje na simu, na aliporudi mambo yalikuwa tayari. Gari la Noah lingekuja alfajiri, mzee atolewe, apelekwe kwa mtaalamu mmoja upande wa Makambako anayewatoa watu vitu walivyotupiwa. Mume wangu kwenye simu, yuko barabarani na mzigo, alisema tufanye tunavyoona. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika, akunjwe kwenye kiti cha Noah mwendo wote ule. Nilijua hatafika mzima. Nilijua pia kwamba nikipinga nitakuwa nimethibitisha kuwa mchawi ni mimi. Wewe ungesema nini? Mimi nilinyamaza, na aibu ya ukimya ule ninayo bado.

Aliyetuokoa ni nesi wa zamu ya jioni, mwanamke mtu mzima, mfupi, anayetembea akiburuza viatu. Wifi alipomwomba karatasi ya kutia saini ili amtoe mgonjwa, hakubishana naye. Alikwenda kitandani, akafinya ngozi ya mkono wa mzee, ngozi ikabaki imesimama. Akamwomba atoe ulimi, ulimi mkavu. Akaniuliza mara ya mwisho mzee alikojoa lini, nikamwambia kwangu hajaomba chupa hata mara moja. Akaniuliza anakunywa nini. Hapo nikamtajia chai, uji, maji, vikombe vingapi kwa siku, kwa fahari kabisa.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi mwashi aliyeanguka kwenye jukwaa, akakohoa. Alikuwa na haya, mtu mzima yule.

"Dada, nisamehe," akasema. "Chai yako nainywa mimi. Mzee anaonja kidogo tu, kinachobaki ananipa ukigeuka. Anasema hawezi kukojoa mbele ya mkwe wake, kwa hiyo bora asinywe."

Siku tano. Mzee wa watu alijikausha siku tano kwa kuniheshimu, na mimi nilikuwa nahesabu vikombe. Nililia pale pale, mbele ya wifi na wodi nzima.

Nesi alitueleza kwa maneno ya kawaida. Mtu mzee akiwa na maumivu, akakosa maji na usingizi, mkojo ukaingia maambukizi, na yuko mahali pageni asipoona vizuri wala kujua kama ni mchana au usiku, akili yake huvurugika ghafla. Inakuja na kuondoka, asubuhi yuko sawa, jua likishuka anapotea. Tusiseme ni uzee, akasema, wala si kichaa. Ni ugonjwa, na mara nyingi unaweza kuzuiwa usianze kabisa. Akauliza kama mzee ana miwani. Nikafungua mkoba wangu nikaitoa.

"Huyu hajarogwa," akamwambia wifi. "Amekauka. Nipe siku mbili. Nisipokusaidia, nitakuletea karatasi mwenyewe."

Wifi akanigeukia. Ndipo niliposema nilichopaswa kusema mapema: Baba hatoki, na kama mimi ndiye ninayemroga, basi niondoke mimi yeye abaki. Sijawahi kuongea hivyo mbele ya ukoo ule. Wifi alimtazama baba yake akichambua blanketi. Kisha akatoka kumwambia mwenye Noah asije.

Daktari alikuja usiku ule ule, akamtundikia dripu, akapima mkojo, akamwanzishia dawa na kupunguza ile ya maumivu iliyokuwa kali mno kwake. Kitanda kikarudishwa chini ya dirisha. Miwani ikarudi puani. Tukampigia simu mzee mwenzake wa usharika, ambaye walibatizwa pamoja, akaja na basi la kwanza akiwa na koti lake la ibada, na yeye ndiye akawa mshika chupa. Hapo Baba akanywa. Alikunywa kikombe baada ya kikombe akiwa amefumba macho. Nesi akatuagiza tuingie mmoja mmoja, na kila tuingiapo tujitambulishe, hata kama tumetoka dakika tano zilizopita.

Basi nikawa nasimama mbele yake kama mtoto anayeghani mbele ya darasa. "Kamwene, Baba. Mimi ni Mama Upendo, mke wa mwanao. Uko hospitali Njombe, umevunjika nyonga. Leo ni Alhamisi, jioni." Nilijiona mjinga. Jioni ya kwanza alinikana tena. Nikatoka, nikahema, nikaingia, nikasema yale yale. Jioni ya pili vidole vilikuwa vimetulia. Alinitazama kupitia miwani, halafu akageuza macho pembeni, kama zamani.

"Mama Upendo," akasema, "umekula?"

Sijawahi kufurahi namna ile kwa mtu kukataa kunitazama.

Alipasuliwa akapona. Mabaki ya ule mvurugiko yalikaa naye wiki kadhaa, kisha yakaisha, na sasa anatembea kwa fimbo mpaka kwenye njegere zake. Siku moja aliniambia, akitazama mlangoni, kwamba anakumbuka. Kila jioni alimwona mgeni aliyevaa gauni langu akimjia na kikombe, na aliogopa kulala mbele yake. Mimi nilidhani nimekutana na kitu kibaya kitandani kwa baba mkwe. Kumbe yeye ndiye aliyekutana nacho, na kitu chenyewe kilikuwa mimi. Kijijini bado wapo wanawake ambao msibani hawapokei chakula kutoka kwenye sufuria yangu. Nimewazoea.

Ambalo sijalizoea ni lingine. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa. Alipata nimonia, tukamlaza chumbani, pazia tukalifunga, watu wakajaa kusali na kukemea mapepo. Jioni ya mwisho alikuwa anachambua shuka. Nilimwinamia, akaniangalia kwa macho nisiyoyajua, akasema mimi si mwanawe. Niliogopa nikatoka, nikakaa jikoni mpaka waliponiita kuniambia amekwisha. Tangu siku ile nimewaambia watu kwamba mama yangu aliondoka mapema, kwamba aliyefia mle chumbani hakuwa yeye. Nimesema hivyo hata kwa wanangu.

Alikuwa yeye. Alikuwa mle ndani, ana kiu, gizani, kazungukwa na sura asizozijua, na hakuna aliyekumbuka kumpa maji.

Wewe unayenisikiliza una wazazi, au una wakwe. Siku mmoja wao akikutazama akasema hakujui, usitafute gari na usimwite mtu wa kukemea kabla hujamwita nesi. Mpe maji, mrudishie miwani, fungua pazia, na umwambie wewe ni nani, na umwambie tena, hata akikukana mara kumi. Mama yangu alinikana mara moja tu, nikamwacha.