Jina Langu Kwenye Kazi ya Desderia

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, maana asubuhi za Sumbawanga zina baridi ya kukata masikio na sweta langu lilikuwa limetoboka viwiko. Mkuu wa Kitengo cha kompyuta, mama wa Mbeya asiyependa maneno mengi, alinionyesha kompyuta mpya mezani na daftari la jalada la bluu.

"Iandae kwa ajili ya mwandishi wa programu," alisema. "Fuata daftari. Usiruke hatua."

Ninyi mnaoanza leo mtacheka. Kompyuta ikitoka kwenye boksi haijui kazi. Uiwekee mfumo endeshi, yaani programu inayoendesha mashine nzima, kisha mahali pa kuandikia msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, kisha lugha za programu zenyewe, kila moja kwa toleo lake. Ukikosea toleo moja, kazi inayokwenda kwa mwenzako inagoma kwako. Mimi niliruka hatua ya kumi na moja, nikaanza upya, zikaisha siku tatu. Mama Mkuu alipita, akatazama, akasema, "Haraka haraka haina baraka, Osward," akaenda zake kunywa chai.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Kasanga, kuandaa mashine za ofisi yetu ndogo pale bandarini. Nilishuka kwenye gari mvua ikinyesha, daftari likiwa kwapani. Wino ulivuja hadi kwenye shati. Niliporudi, nusu ya hatua zilikuwa hazisomeki, na hapo ndipo nilipoandika skripti: faili la maagizo ambayo kompyuta inayasoma yenyewe mstari kwa mstari, ikijiwekea kila kitu. Unaianzisha, unakwenda kula kande, ukirudi mashine iko tayari. Nilijivuna, sitaficha. Kila mgeni ofisini nilimwonyesha.

Mashine ya Desderia niliiandaa kwa skripti hiyo. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga kutoka Muze, mpole kupita kiasi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa programu ya kupokelea mazao kwenye maghala. Mwaka ulipokaribia kwisha, Mama Mkuu alitaka kuona kama anastahili ajira ya kudumu. Akafungua kumbukumbu za kazi, ambamo kila badiliko la msimbo huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya. Kisha akaniita, na Desderia alikuwa amesimama pale ameinamisha kichwa.

"Jina lake halimo hata mara moja," alisema. "Lako tupu. Huyu amekaa mwaka mzima akikutuma wewe?"

Nilitazama, nikaelewa. Nilipokuwa nikiijaribu skripti, niliweka jina langu kwenye mstari wa jina la mwandishi, nikasahau kulitoa. Tangu hapo kila mashine niliyoiandaa ilisaini kwa jina langu, mpaka mwenye nayo alibadilishe.

"Desderia, hukuona?" nilimuuliza.

"Niliona, baba. Nikadhani ndiyo utaratibu. Kompyuta si uliiandaa wewe?"

Heshima hiyo ilinichoma kuliko tusi. Mwaka mzima binti wa watu alikuwa akinipa jasho lake, akidhani ni adabu.

"Mama, kosa ni langu," nilisema. "Kazi ni ya huyu."

"Maneno matupu hayavunji mfupa." Akaugeuza uso wa kompyuta kwetu. "Osward, nieleze sehemu hii inafanya nini."

Nilijaribu. Nilikwama mstari wa pili.

"Desderia."

Binti alianza kwa sauti ya chini, kisha ikapanda. Alieleza kwa nini gunia la mpunga mbichi hupimwa mara mbili, na jinsi alivyoifundisha programu isimpunje mkulima. Alieleza mpaka chai ya Mama ikapoa. Maishani sijawahi kufurahia kushindwa namna ile. Ajira alipata.

Niliirekebisha skripti jioni ileile. Ikawa kabla ya yote inaandika: *Shikamoo. Jina lako nani?* Vijana walinitania kwamba mashine inawaamkia. Niliwajibu kwamba mashine ni mdogo wa kila mtu.

Sasa nimestaafu, nalima maharage yangu. Nikiulizwa nimejifunza nini, nasema mashine hairuki hatua, lakini kosa lako nalo itakurudishia bila kuchoka. Kwa hiyo mtazameni mtu mliyemwandalia, msitazame mashine tu.

Mwezi uliopita Desderia, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Kitengo, alikuja nyumbani na kompyuta ya kunizawadia.

"Zile kumbukumbu za mwaka wa kwanza ulizirekebisha?" nilimuuliza.

"Hapana, baba. Bado zina jina lako."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikilifuta, watakaokuja watajuaje kuwa ulikuwepo?"

Akaianzisha skripti, akanisogezea kompyuta. Maneno yalitokea, na mimi macho yalikuwa yamejaa machozi. *Shikamoo. Jina lako nani?*

"Marahaba," nilijibu kwa sauti, nikaandika jina langu.