Waliokula Dunguni Kwetu

Asubuhi ile nilikuwa naamia ndege, mtoto mgongoni, mpunga umeshaanza kuinama. Nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachohamia bondeni kila msimu, nyumba za barabarani tukaziacha na kuku. Nikipiga ukelele, mume wangu Hamisi ananicheka kutoka chini: "Mama Zuhura, hao ndege wameshafika Mafia, wahurumie!"

Wakaja wanaume wanne. Wakapiga hodi.

Nieleze hapa, maana wanaoandika habari zetu hawajawahi kulala dunguni. Bondeni, mpita njia akipiga hodi anapewa chakula. Humuulizi habari zake mpaka ashibe. Ndivyo tulivyolelewa. Walisema wametoka Mbwera, wanatafuta mpunga wa kununua. Wakala wali na kambare, wakashukuru, wakaenda zao. Mmoja alimshika mwanangu shavu.

Msimu ule viongozi wa vijiji walikuwa wakiuawa na watu wasiojulikana; siku chache baadaye mwenyekiti wetu wa kijiji naye alipigwa risasi akitoka msikitini. Ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Waliomuua nawalaani, na nitawalaani mpaka naingia kaburini.

Jirani mmoja akaenda kuwaambia askari kwamba dunguni kwa Hamisi wanapikiwa watu.

Askari walikuja mchana.

"Uliwalisha?" wakamuuliza Hamisi.

"Walipiga hodi, afande. Nani huku halishi..."

Kofi.

Wakamfunga Hamisi mikono kwa kanga niliyombebea mtoto. Wakatia moto dungu. Moto ukashuka kwenye mpunga.

Wakaondoka naye.

Hajarudi.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, hakulia. Alisema: "Bibi yangu alichomewa ghala na Mjerumani, eti kawalisha wapiganaji wa Maji Maji kutoka Umatumbini. Mimi nikang'olewa bondeni na serikali yetu wenyewe, tuletwe barabarani tukapate maendeleo. Leo zamu yenu."

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne. Kwenye mtihani nilieleza athari za Vita vya Maji Maji, nikaandika uchumi uliyumba, mwalimu akanisifu. Upuuzi mtupu! Kitabu kile kilijaa mataifa: nani alitawala nani, nani alipata uhuru lini, bendera gani ilishuka. Hakikuwa na mwanamke hata mmoja anayeulizwa na mwenye bunduki amempikia nani. Bendera zimebadilika kwetu. Swali lile halijabadilika.

Nilikwenda kambini kwa askari kumuulizia Hamisi. "Mumeo kakukimbia," akasema mmoja. "Bado mbichi wewe, olewa." Wenzake wakacheka. Kisimani nikaitwa mke wa gaidi, tena na wanawake waliokula wali wangu kila mavuno. Sheikh naye akaniambia siwezi kukaa eda, kwa sababu hakuna aliyeona maiti wala aliyeshuhudia kifo. Basi si mke, si mjane. Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja tu: mtu aseme kwa sauti kwamba Hamisi amekufa, nimlilie, nimalize.

Mwaka huu kijiji kilisoma hitma ya waliouawa wakati ule. Viongozi wakakaa viti vya mbele. Yakatajwa majina, la mwenyekiti kwanza. Yalipokwisha nikasimama katikati ya wanawake.

"Na Hamisi asomewe."

Kiongozi mmoja akageuka. "Huyo hayumo, dada. Leo tunawaombea waliouawa na wahalifu."

"Na yeye aliuawa na nani?"

Nikarudia, sasa kwa kelele, jina lake na la baba yake. Nilitaka wasikie mpaka waliokuwa jikoni.

Mkono ukalivuta baibui langu. Alikuwa Bi Mwanahawa. Tangu mwanawe achukuliwe bado anamngoja, na hajawahi kuniomba kitu.

"Keti, mama Zuhura," akasema. "Usimuue mwanangu mbele za watu."

Nikamtazama. Ningeweza kuendelea, sauti nilikuwa nayo.

Nikaketi. Yasini ikaanza, nikawaombea waliotajwa.