Seva Ilisema Ni Mimi

Wiki ya pili baada ya kurudi kutoka likizo ya uzazi, supavaiza wetu aliniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo, na kwamba ana ushahidi wa mashine. Watu wakisikia neno mashine hunyamaza kama wako kanisani. Mimi sikunyamaza, na sijanyamaza mpaka leo.

Nafanya kazi ya ukarani kwenye ghala moja Industrial Area, la sabuni na mafuta ya kupikia. Zamu ni mbili. Ya asubuhi inaisha saa nane mchana, ya jioni inaanza hapo hapo mpaka saa nne usiku. Kabla sijajifungua tulikubaliana na supavaiza kwamba nikirudi nitawekwa asubuhi, kwa sababu mama anayetulelea watoto kule mtaani Ziwani hufunga saa kumi na mbili jioni. Ana watoto tisa kwenye chumba kimoja, na hapo hapo ndipo anapopikia familia yake. Akisema saa kumi na mbili, ni saa kumi na mbili.

Wiki ya kwanza nilikuta listi ilishatoka, nikavumilia jioni. Siku ya Alhamisi supavaiza akaniita kwenye kompyuta yake, akanionyesha listi ya wiki inayofuata. Niliiona kwa macho yangu mawili: mimi asubuhi, na karani mwenzangu aliyekuwa ameshikilia nafasi yangu ameshuka jioni. Nikamshukuru hata. Saa nane na nusu listi ikabandikwa ukutani, kando ya tangi la maji ya kunywa. Mimi jioni. Yeye asubuhi. Kama vile hakuna mkono uliogusa kitu.

Basi wiki hiyo nzima mtoto wangu wa miezi minne alilala kwenye kiti cha watu mpaka nitoke kazini. Mimi huku ghalani kifua kimevimba, blauzi imelowa, naandika nambari za malori. Mama wa watoto hakupiga kelele. Alinipa mtoto mlangoni na kuniambia kwamba amenivumilia kwa sababu ya mtoto, si kwa sababu yangu.

Nilimshuku yule mwenzangu kabla hata sijafika nyumbani. Yeye ndiye huchapisha listi zamu yake ikishaisha, na kuibandika kabla ya kwenda nyumbani. Tena listi ile ilipobadilika tu alianza kuniletea mandazi. Mtu akikuletea mandazi hujamwomba, mchunguze. Nilikuwa nikiyala huku nikimtazama vidole.

Nikaenda kwa supavaiza. Akaapa yeye alibadilisha. Nikamwambia basi kuna mtu anairudisha. Akampigia simu fundi wa kompyuta, mwanaume wa makamo anayevaa sweta hata Januari, mwenye chumba chake cha seva, ile kompyuta kuu inayoweka faili zetu zote, juu ghorofani, kina baridi kama friji na mlango haufunguki kwa mtu yeyote. Wakazungumza. Supavaiza akaweka simu chini, akanitazama kama amenikamata na katoni ya sabuni ndani ya sketi.

"Seva inasema aliyegusa hiyo faili mwisho ni wewe."

Akaendelea kwamba sisi wanawake tukitoka likizo tunatafuta sababu, kwamba nimejirudisha jioni mwenyewe ili nije kumlilia. Makarani walikuwa pale, madereva walikuwa pale. Mwenzangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikutaka kusema. Jina langu kwenye ile seva halikuwa langu peke yangu. Seva ilipoletwa, kila karani alipewa jina na pasiwadi yake. Za wenzangu zikapitwa na wakati, na kupata mpya ni mpaka uandike barua, supavaiza atie sahihi, fundi ajisikie. Yangu nilikuwa nakumbuka kuibadilisha. Kwa hiyo ikawa kama chumvi kwenye ploti ya wapangaji: kila jirani anakuja kuchota. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni, nikakining'iniza kule kwenye mizani ya malori ili yule mzee wa mizani asiwe ananiita kila asubuhi. Nilipoenda kujifungua, waliendelea. Nilikuwa wodini nasukuma mtoto, na seva inasema niko mizani napima lori.

Kwa hiyo nilijua "ni wewe" ya seva haimaanishi mimi. Lakini ningelisemaje hilo mbele ya supavaiza? Kugawa pasiwadi ni barua ya onyo, barua mbili ni nyumbani. Nilimeza. Alhamisi ya pili listi ikafanya vile vile. Mama wa watoto akaniambia huu ndio mwisho: nikipangiwa tena wiki ya jioni, Jumatatu itakayofuata nitafute mlango mwingine.

Nilipanda ghorofani nikagonga chumba cha seva mpaka fundi akafungua. Nilimwambia sitoki. Nataka kujua ni kompyuta gani iliyogusa faili, si jina gani. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba seva inajua yote: nani ameunganishwa, kutoka kompyuta ipi, ana faili gani wazi, tangu saa ngapi. Lakini inamwambia yeye peke yake kwa sababu ndiye mwenye mamlaka, na akinipa mamlaka hayo naweza kufuta kampuni nzima.

"Sitaki kuingia ndani," nikamwambia. "Nataka dirisha. Mwizi haingii kwa kioo."

"Mwizi huvunja kioo, mama."

"Basi tia vyuma."

Alicheka kidogo kwa pua. Nadhani alikuwa amechoka pia, maana kutwa watu humpigia simu kumuuliza nani amefungua faili yangu, nani ameifunga. Jumanne iliyofuata, kwenye kila kompyuta ya ghala, pakatokea ukurasa mmoja wa maandishi matupu. Kila dakika programu yake ndogo ilikuwa ikiiuliza seva mambo yale yale, na kuyaandika pale: jina, kompyuta, faili, saa. Karani wa kawaida angeweza kuusoma. Kuugusa, hapana.

Sikuuamini. Nitajuaje si yeye anayeandika anachotaka? Nilingoja aende chai, nikafungua faili ya vibali vya geti, nikahesabu dakika. Mstari ukaja: jina langu, kompyuta yangu, vibali vya geti, saa ile ile. Nikaifunga. Baada ya dakika mstari ukaondoka. Nikafungua nyingine, ya madumu yaliyopasuka, ambayo hakuna anayeifungua kabisa, hata fundi hangeweza kukisia. Ukaja. Nikarudia mara tano kama mtu anayewasha na kuzima taa. Hapo ndipo nilipoona kilicho chini ya mstari wangu. Jina langu tena, kompyuta ya stoo. Jina langu tena, geti. Jina langu tena, mizani. Nilikuwa mahali panne kwa wakati mmoja, na mwili wangu umekaa kwenye kiti kimoja. Niliona aibu, halafu hasira ikaimeza ile aibu.

Alhamisi nilifika saa saba na nusu, kabla ya zamu yangu. Supavaiza akanirukia kabla sijamsalimu kwamba ameshaiweka listi tangu saa nne asubuhi na nisimsumbue. Nikaifungua. Kweli, mimi asubuhi. Nikafungua ukurasa wa fundi. Faili ya zamu ilikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa mimi, pale, sasa hivi. Mwingine ulikuwa mimi, mizani, tangu saa moja asubuhi.

Sikufikiri vizuri, lakini nilifikiri haraka. Mtu aliyeifungua saa moja anatazama listi ya saa moja, ile ya wiki hii, kabla supavaiza hajaandika mpya juu yake. Programu yetu ni kuukuu, haikatazi watu wawili kushika faili moja. Anayehifadhi mwisho ndiye huacha yake. Na mzee wa mizani hutoka saa nane.

Nilikimbia. Ile ni yadi ya malori, haikimbiliki, dereva mmoja akaniuliza kama naenda kujifungua tena. Nilimkuta mzee amesimama, koti begani, mkono kwenye mausi. Kila asubuhi hufungua listi ajue nani atakayempokea. Na kuna mwaka stima ilipotea akapoteza vipimo vya malori ya asubuhi nzima, akafokewa mbele ya madereva na matanboi wao. Tangu siku hiyo chochote kilicho mbele yake hukihifadhi kabla ya kuzima. Kiboksi kilikuwa kimeshatokea kwenye skrini, kinauliza: uhifadhi au la?

"Mzee, bonyeza la."

"La? Nipoteze kazi ya kutwa?"

"Malori umeshahifadhi. Hii ni listi ya zamu. Ukiihifadhi unanirudisha jioni. Umenirudisha mara mbili."

Alinitazama kama nimemwomba aache geti wazi aende zake. Kisha akatazama kona ya skrini, palipoandikwa jina langu, kana kwamba analiona mara ya kwanza, na pengine ndivyo. Akabonyeza la.

Listi ilibandikwa saa nane na nusu. Mimi asubuhi. Supavaiza alitaka kujua nilijuaje, na nilikuwa nimechoka kumeza, nikamwambia yote pamoja na katoni. Barua ya onyo niliandikiwa siku hiyo hiyo, nikaitia sahihi. Kuniomba radhi kwa kuniita mwongo, hilo halikuandikwa popote. Fundi akafuta jina langu kila mahali isipokuwa kwenye kompyuta yangu, na Ijumaa watu wazima walipanga foleni mlangoni kwake kupewa pasiwadi mpya kama wanaopewa chanjo. Wakaanza kuniita Seva. "Niaje Seva, leo umetuona?" Niliwaambia nimewaona.

Mandazi yalikoma. Jumatatu saa nane nikiwa natoka na mwenzangu anaingia, nilimsimamisha pale kwenye tangi la maji.

"Ulichapisha hizo listi. Uliona."

"Niliona."

"Mara mbili."

"Mara mbili," akasema, bila kutazama viatu safari hii. "Supavaiza aliniambia nashuka jioni. Nikichapisha naona sijashuka. Sikugusa kitu. Nikasema asante Mungu, nikabandika."

"Na mimi?"

"Wewe una mtu wa kumwachia. Wangu ana miaka saba, wale wa kulea watoto hawamtaki. Saa hizi anatoka shule, anajifungulia mlango, anajifungia ndani mpaka nifike."

Nilikuwa na maneno ya wiki tatu nimempangia, mabaya, mengine nimeyafanyia mazoezi nikivuka soko la Muthurwa. Sikumsamehe, asije mtu akadhani hivyo. Nilimuuliza tu mtoto anakaa upande gani, kama ni njia yangu ningeweza kupita nimtazame. Akanitazama vile mimi nilivyokuwa nikimtazama yeye, anapima ninataka nini. Halafu akasema hapana, atazoea, akaenda kuketi kwenye kompyuta yake na kuandika jina lake herufi moja moja.

Mimi nikaondoka. Mtoto nilimchukua saa tisa na robo, jua likiwa bado kali.