Vikombe Vilivyomtoa Ndama Zizini

Waumini wenzake walipomuuliza mama yangu mtoto wake anafanya kazi gani mjini, alikuwa anajibu, "Anachezea udongo," kwa sauti ileile ya kutangaza msiba. Sikumlaumu sana. Shule yote ile, halafu nimerudi kwenye matope kama mtoto wa chekechea.

Udongo nilikuwa nao, mikono ninayo. Nilichokosa ni mahali pa kuchomea. Chumba changu cha kupanga kiko Sombetini, na baba mwenye nyumba alinipigia marufuku moshi, wakati yeye mwenyewe anavuta sigara kama tanuri la matofali. Ikabidi nipande kwetu, mlimani Meru, nikaombe zizi la ndama lililo nyuma ya migomba. Mama akakubali kwa sharti: nichome mara moja tu. Mwenye duka akivikataa vikombe vyangu, ndama anarudi kwake na mimi nitafute kazi ya watu wazima.

Mwenye duka ni dada mmoja wa Kijenge anayeuza vitu vilivyotengenezwa kwa mkono tu. Mteja akiingia kwake na kikapu cha plastiki, anamsonya kwanza ndipo amkaribishe. Aliniahidi rafu ya dirishani, mradi vitoke vizima.

Nikajenga tanuri dogo mle zizini, nikachoma. Nilipofungua tanuri asubuhi, zaidi ya nusu ya vyombo ilikuwa vigae, pamoja na bakuli kubwa nililokuwa najivunia. Havikuwa vimekauka sawasawa. Mvua za mlimani na ubishi wangu vilisaidiana. Nikakaa chini nikalia, tena kwa kwikwi. Mama akasimama mlangoni na ndoo ya maziwa.

"Si wahenga walishasema," akaniambia, "mfinyanzi hulia gaeni. Basi lia."

Kiswahili cha mama hupitia Kimeru kwanza kabla ya kufika mdomoni. Nikamweleza, makamasi yananitiririka, kwamba "hulia" hiyo ni ya kula, si ya machozi. Mfinyanzi anawafinyangia watu vyungu, halafu yeye mwenyewe anakula kwenye kigae.

"Ale nini, na kavunja vyote?"

Nikapangusa makamasi, nikaanza kuokota vilivyopona.

Kesho yake nikavifunga vilivyopona kwa majani makavu ya mgomba, tukashuka Kijenge. Mama alikuja kutetea maslahi ya ndama, kavaa kitenge chake cha kwaya. Dada wa dukani akampa shikamoo, akamletea kiti, kisha akaanza kugonga kikombe kimoja kimoja kwa pete yake na kusikiliza. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukohoa.

Mama, ambaye hajui kukaa kimya dukani, akaokota kadi kwenye rafu akaisoma. "Kimetengenezwa kwa mkono. Kwani vingine mnatengeneza kwa miguu?"

Dada akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Vingine vinatengenezwa na mashine, mama."

"Na huyu wangu hana mashine."

"Hana. Ndiyo maana namtaka."

Mama akanyamaza, jambo ambalo hata mchungaji wetu hajawahi kulifanikisha. Vikombe vikapangwa dirishani. Kimoja kilikuwa kimeinama upande, nikataka kukificha nyuma. Dada akanipiga kofi mkononi na kukiweka mbele kabisa.

Tulirudi jioni. Nikaenda nyuma kuondoa majivu yangu, nikijua mapatano yalikuwa mara moja tu. Nikamkuta mama kanitangulia. Zizi lilikuwa limefagiliwa, na ndama kafungwa nje chini ya upenu, analalamikia kufukuzwa kwake.

"Atazoea," mama akasema.

Kisha akanipakulia makande. Hakuyaweka kwenye sahani. Aliyaweka kwenye kigae cha lile bakuli langu kubwa, kimeoshwa, kingo zimesuguliwa kwa jiwe nisijikate.

"Jana ulilia," akaniambia. "Leo kula."